Mavi ya Kale na Harufu Yake: Tunavyozikumbuka Mbio za Vigari vya Marekani

Mwaka 1952 kampuni ya utangazaji ya CBS ilifungua studio zake kubwa za televisheni jijini Los Angeles. Ardhi zilipojengwa studio hizo haikuwa pori. Miaka michache tu kabla ya hapo ulikuwapo Uwanja wa Gilmore, uliofunguliwa mwaka 1934 ukiwa na nafasi za watazamaji wapatao 18,000. Sifa ya uwanja huo ilienea kutokana na mbio za vigari vidogo ambavyo Wamarekani huviita mijeti. Watu waliozoea kutoka nyumbani jioni kwenda kushangilia madereva wakaanza kubaki sebuleni, wakitazama picha zilizorushwa kutoka kwenye ardhi ile ile ambayo jana walikaa wakishangilia.

Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikisoma kumbukumbu za Wamarekani waliozipenda mbio hizo. Huandika juu ya harufu ya mafuta ya nyonyo yaliyolainisha injini, juu ya udongo uliowarukia waliokaa safu za mbele, juu ya baba aliyemshika mwanawe mkono wakipita langoni. Mimi sijawahi kuhudhuria mbio hizo. Kilichonivuta ni swali ambalo wanafunzi wangu hulikwepa kwa njia mbili: ama hudharau simulizi za wazee kwa kudai kuwa ni hisia tupu, ama huzimeza nzima nzima. Hamu ya zama zilizopita ni ushahidi wa namna gani? Nimefikia jibu kwamba ni shahidi mkweli wa kile kilichopotea, lakini ni shahidi asiyesema lolote juu ya waliozuiwa mlangoni. Historia inamhitaji shahidi huyo, na pia inahitaji kumhoji.

Tuanze na ukweli wake. Mchezo huu uliota mizizi mwaka 1933, wakati wa Mdororo Mkuu wa Uchumi, ambapo takriban robo ya nguvukazi ya Marekani haikuwa na ajira. Kuanzia Agosti mwaka huo, mbio zilifanyika kila wiki katika uwanja wa shule ya sekondari ya Loyola, Los Angeles. Mbio za magari makubwa zilihitaji viwanja vikubwa zaidi. Kigari kilihitaji mzunguko wa mita mia nne hivi, au pungufu, kuzunguka uwanja wa mpira au ndani ya kiwanja cha mbao kilichojengwa kwa ajili ya mbio za baiskeli. Kilikuwa na kiti kimoja na injini mbele, hakikuwa na mtambo wa kujiwasha, na hivyo kilisukumwa na gari jingine mpaka injini ishike. Injini za mwanzo zilitolewa kwenye pikipiki na hata kwenye boti. Fundi mwenye karakana ndogo aliweza kuunda gari lake, akalipeleka uwanjani jioni, na pengine akarudi na chochote cha kulisha familia. Desemba 1934 mchezo ulikuwa umefika Melbourne, Australia, na mwaka 1937 ukaingia New Zealand.

Hata hivyo, usawa huo wa karakana haukudumu. Mwaka 1934 Fred Offenhauser alitoa injini iliyobuniwa mahsusi kwa vigari hivi, na baadaye Frank Kurtis akaanza kutengeneza vigari kwa mamia. Aliyeweza kununua injini ya Offenhauser alishinda; asiyeweza aliridhika na injini ndogo ya Ford ya silinda nane, iliyokuwa na bei nafuu. Baada ya Vita Kuu ya Pili, chama kimoja cha California kililazimika kuwatenganisha madereva katika makundi mawili, jekundu la wenye Offenhauser na la bluu la wengine wote, ili mwenye mfuko mwepesi naye apate nafasi ya kushinda. Wanaoukumbuka mchezo huu kama uwanja wa watu sawa wanasema kweli kuhusu mwanzo wake, lakini wanasahau jinsi pesa ilivyoingia mapema.

Kuna kisa kimoja ambacho wapenzi wa mchezo huu hawachoki kukisimulia, na sababu yake ni dhahiri. Julai 1959, katika kiwanja cha Lime Rock jimboni Connecticut, Rodger Ward, aliyekuwa ameshinda mbio za Indianapolis mwaka huo huo, aliingia na kigari kikuukuu cha Kurtis kupambana na magari ya kifahari kutoka Ulaya, yakiwemo Maserati na Aston Martin. Alishinda. Kwa mtu wa karakana, ushindi ule ulithibitisha kwamba utukufu wa chuma hautokani na bei yake. Kumbukumbu za namna hii hubeba madai ya kitabaka, hata kama msimulizi mwenyewe hatumii maneno hayo.

Vita vilisimamisha kila kitu. Mwaka 1942 serikali ya Marekani ilipiga marufuku mbio za magari ili kuokoa petroli na mipira ya magurudumu. Marufuku ilipoondolewa mwaka 1945, watu waliokuwa na kiu ya burudani walifurika. Katika baadhi ya maeneo dereva aliweza kushindana karibu kila usiku wa juma, katika mji tofauti. Uwanja wa Soldier Field wa Chicago ulipokea makumi ya maelfu ya watazamaji. Kisha, kabla ya muongo kwisha, mawimbi yakarudi nyuma. Televisheni iliingia majumbani, magari ya kawaida yaliyogeuzwa kuwa ya mashindano yakateka watazamaji, na ardhi ya viwanja vilivyokuwa pembezoni mwa miji ikapanda thamani. Gilmore haukufa kwa kukosa historia. Uliuzwa kwa sababu ardhi yake ilikuwa na matumizi mengine yenye faida zaidi.

Kilichobaki kikajificha ndani ya kumbi. Mbio za ndani hazikuwa jambo geni, maana tangu miaka ya 1930 zilikuwa zikifanyika majira ya baridi jijini Chicago, ukiwemo ukumbi uliojengwa mwaka 1934 kando ya machinjio makubwa kwa ajili ya maonesho ya mifugo. Katika miaka ya 1960 zilifanyika pia katika Ukumbi wa Mikutano wa Atlantic City, uliofunguliwa mwaka 1929 kando ya bahari. Sakafu ya saruji huteleza, kwa hiyo waandaaji walijifunza kuimwagia shira ya soda ili magurudumu yashike. Huko Tulsa, Oklahoma, njia ni nyingine: tangu mwaka 1987, kila Januari, udongo hushindiliwa ndani ya jengo la maonesho, na madereva mamia huja kushindana usiku baada ya usiku. Mashindano hayo, yaitwayo Chili Bowl, ndiyo mahali ambapo wazee huwapeleka wajukuu ili nao wasikie mlio ule.

Sasa tumhoji shahidi. Kwanza, vifo. Kiwanja cha mbao cha Nutley, New Jersey, kilijengwa kwa ajili ya baiskeli na kona zake zilikuwa zimeinuka kama ukuta. Mwaka 1938 kilifunguliwa kwa vigari. Mwaka uliofuata mbio zikakoma, baada ya madereva kupoteza maisha. Msimulizi hukumbuka ujasiri wao. Ni nadra kuwataja wajane.

Pili, rangi. Chama cha Magari cha Marekani, kilichosimamia mashindano yenye hadhi kubwa, kiliwafungia nje madereva Weusi, na wanawake pia. Ndiyo maana mwaka 1924 Wamarekani Weusi walianzisha mashindano yao wenyewe huko Indianapolis, na fundi hodari Charlie Wiggins akawa miongoni mwa mabingwa wake. Katika pwani ya Magharibi, Dewey Gatson, aliyejulikana kwa jina la Rajo Jack, alijenga jina lake katika mbio zisizokuwa chini ya chama hicho kwa miaka mingi ya ubora wake. Mzee anapoandika kwamba “kila mtu alikuwepo pale”, simtuhumu kwa uongo. Aliandika alichokiona kutoka kwenye kiti chake, na kiti chake hakikutazama upande wa lango.

Ukumbi wa Atlantic City unaonesha jambo hili waziwazi. Agosti 1964 Chama cha Democratic kilifanya humo mkutano wake mkuu. Fannie Lou Hamer, mwanamke aliyefanya kazi katika mashamba ya pamba ya Mississippi, alikuja mjini humo pamoja na wenzake kudai viti ambavyo ujumbe wa Weupe watupu ulikuwa umevikalia. Alieleza mbele ya kamati jinsi alivyopigwa gerezani kwa sababu ya harakati za haki ya kupiga kura. Walipewa viti viwili tu, wakavikataa. Katika muongo huo huo, ndani ya jengo hilo hilo, vigari vilizunguka huku watazamaji wakishangilia. Mpenzi wa mbio na mwanaharakati wa haki za kiraia wanaweza kulikumbuka dari lile lile bila hata mmoja kujua habari za mwenzake.

Wahenga walisema mavi ya kale hayanuki. Methali hiyo hutufaa tunapotaka kupatana na majirani, lakini kwa mwanahistoria ni onyo. Yanayokumbukwa kwa harufu nzuri ya mafuta ya nyonyo yalikuwa pia na harufu nyingine, na muda ndio ulioifuta.

Hata hivyo, sishauri tuwacheke wazee hao. Wao ndio waliohifadhi picha, matokeo ya mbio na majina ya mafundi ambao hakuna idara ya serikali wala chuo kikuu kilichojishughulisha nao. Wasingeyahifadhi, tusingekuwa na cha kuhoji. Mwanafunzi anayekusanya simulizi za burudani ya watu wa kawaida, na mtumishi wa umma anayeletewa faili la kubadili matumizi ya uwanja, wana kazi inayofanana. Wawasikilize wanaoulilia uwanja, kwa kuwa wanajua thamani yake kuliko mthamini wa ardhi. Kisha wawatafute wale ambao uwanja huo haukuwahi kuwafungulia mlango, wawaulize nao wanakumbuka nini.