Kahawa ya Meru na Bei ya Kaboni

Wazee wa Poli, Akheri na Nkoaranga hawahitaji mhadhiri wa kuwaeleza kwamba bei ya zao lao hupangwa mbali na mlima wao. Baridi kali ilipounguza mibuni ya Brazili Julai 1975, bei ya kahawa ilipanda kwa miaka miwili mfululizo. Julai 1989, nchi wanachama wa Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa zilishindwa kuafikiana juu ya mgao wa mauzo, na bei ikaporomoka. Mibuni ya Meru ilikuwa ileile na mvua ileile, ila kikao kimoja kilivunjika ng'ambo, na baada ya muda baadhi ya wakulima waling'oa mibuni wakapanda migomba na mboga.

Naikumbusha historia hiyo kwa sababu zao jipya limebisha hodi. Nyuma ya Meru, katika wilaya za Longido na Monduli, vijiji vya wafugaji vimeletewa mikataba ya kaboni ya miongo kadhaa. Serikali ilitunga kanuni za biashara hiyo mwaka 2022. Mengi yamesemwa kuhusu malisho na haki ya ardhi, na ni sawa yasemwe. Kuhusu bei, kimya kimetanda.

Kahawa hunyweka, kibali cha kutoa hewa ukaa hakinyweki wala hakivaliki. Kina thamani kwa sababu tu serikali imeamuru kiwepo, tena kiwe adimu. Soko la Umoja wa Ulaya lilipoanza mwaka 2005, viwanda viligawiwa vibali vingi kuliko moshi wao, na kwa kuwa havikuruhusiwa kuvukishwa kwenda awamu ya pili, mwaka 2007 bei ilikaribia sifuri. Katikati ya 2008 kibali kilikaribia euro 30; mdororo wa uchumi ukapunguza uzalishaji wa chuma na saruji, na mapema 2009 kilikuwa chini ya 10. Hati za miradi ya nchi zetu, zilizouzwa chini ya Itifaki ya Kyoto, ziliumia zaidi: mwisho wa 2012 zilikuwa chini ya euro moja.

Nishati nayo ina mkono wake. Gesi inapokuwa ghali, wafua umeme hurudi kwenye makaa ya mawe, ambayo kwa umeme uleule hutoa takribani hewa ukaa mara mbili. Hivyo huhitaji vibali zaidi, na bei hupanda. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2021. Lakini uhusiano huo si kanuni ya hesabu. Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, gesi ilipaa, ilhali kibali kilishuka kutoka zaidi ya euro 90 hadi chini ya 60 katika siku chache, kwani wenye vibali waliuza kwa hofu ya mdororo na kwa kutafuta fedha taslimu. Mwaka mmoja baadaye kilivuka euro 100.

Atatokea wa kunikumbusha kwamba hati za malisho ya Longido haziuzwi katika soko hilo, bali katika soko la hiari. Ni kweli, na kwangu hilo linaongeza wasiwasi. Katika soko la Ulaya, mnunuzi hulazimishwa na sheria, na tangu 2019 kuna akiba maalumu inayoondoa vibali vya ziada sokoni. Katika soko la hiari kampuni hununua ikipenda, na mizania ikibana huacha. Mwaka 2023, ubora wa hati za misitu ulipotiliwa shaka hadharani, bei zilianguka hata kwa miradi isiyohusika.

Uingereza ililitambua tatizo la bei kuyumba. Mwaka 2013 iliweka bei ya chini ya kaboni kwa wafua umeme wake, na makaa ya mawe, yaliyotoa karibu asilimia 40 ya umeme wa nchi hiyo mwaka 2012, yalishuka chini ya asilimia 10 kufikia 2017. Serikali iliyaona mashaka ya soko ikayawekea kikomo.

Basi kabla ya kijiji kutia muhuri, mkutano mkuu uulize: mkataba unataja bei ya chini? Bei ikishuka, gharama za mwendelezaji zinakatwa kwanza, au mgao wa kijiji? Na bei ikikaa chini kwa miaka mitano, je, wafugaji wataendelea kufungwa na ratiba ya malisho waliyoikubali walipoahidiwa bei nyingine? Mkulima wa Meru aliweza kung'oa mibuni yake.