Kanisa la Methodist lilianzia Ribe, si Meru

Ukimuuliza kijana wa Mombasa leo Kanisa la Methodist ni la wapi, huenda akakwambia ni la Wameru. Ana sababu zake, lakini amekosea. Hapa Kenya, kanisa hilo lilizaliwa kwetu Pwani, kule Ribe, Kaunti ya Kilifi.

Umethodisti wenyewe ulianza Uingereza karne ya 18 kwa mahubiri ya John Wesley, kasisi wa Kianglikana. Baadaye ukagawanyika matawi. Tawi moja, United Methodist Free Churches, lililoundwa mwaka 1857, lilituma wamishonari Mombasa mwaka 1862. Aliyewaleta ni Mjerumani Johann Ludwig Krapf, ambaye tayari alikuwa ameishi Rabai. Haukupita muda wenzake Thomas Wakefield wakaondoka, yeye akabaki Ribe. Charles New alimfuata mwaka 1863.

Waongofu walikuwa haba. Baadhi ya waliokuja kuishi kwenye vituo vya misheni hawakuvutwa na mahubiri. Walikuwa watumwa waliotoroka mabwana zao. Wengi wa mabwana hao walikuwa Waislamu wenzetu, na hilo tusilifiche. Tarehe 1 Januari 1889, Kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki iligawa vyeti vya uhuru Rabai, baada ya fidia kulipwa kwa ajili ya watoro zaidi ya elfu moja.

Lakini Waislamu wamo katika historia hii kwa sura nyingine pia. Sadi bin Ahedi, kiongozi wa misafara kutoka upande wa Gazi, Udigo, ndiye aliyemweleza Wakefield njia za kuingia bara. Maelezo hayo yalichapishwa London mwaka 1870. Wazungu wakachora ramani. Ujuzi ulikuwa wa Sadi.

Kanisa lilipanuka kweli lilipofika Meru mwaka 1912. Huko likajenga shule, na hospitali ya Maua. Mwaka 1967 likaanza kujitawala, likaacha kuongozwa kutoka Uingereza. Chuo Kikuu cha Methodist, chenye makao yake Meru, kilianzishwa mwaka 1997.

Kwa hivyo historia ya Ribe si ya Wakristo peke yao. Ndani yake mna watoro, mabwana zao, Wamijikenda waliowapokea wageni, na Mdigo aliyeijua njia. Tusipoisimulia wenyewe, watoto wetu wataisoma kama habari za watu wa mbali.