Kisu, kitunga na majani: kupambanua dawa, uganga na ulozi

Neno moja la Kifaransa, sorcellerie, hubebeshwa mambo mengi. Hutumiwa kwa mtu anayeshitakiwa kumroga jirani, kwa mfumu anayepiga ramli, na kwa Wicca, dini mpya ya Ulaya ambayo vijana wetu wanaiona katika simu zao. Mara nyingine humwangukia hata mama mzee wa Kayna anayerudi kutoka porini na kisu na kitunga cha majani. Makala hii inataja kila jambo kwa jina lake, kwa maana majina yakichanganywa, asiye na kosa ndiye huumia.

Wicca ni nini

Wicca ilitangazwa Uingereza na Gerald Gardner (1884-1964). Sheria ya uchawi ya mwaka 1735 ilifutwa huko mwaka 1951, na mwaka 1954 Gardner akatoa kitabu chake Witchcraft Today. Wafuasi wengi huabudu mungu wa kike na mungu wa kiume, na hufuata mwezi na majira ya mwaka. Wengi hawaamini kwamba kuna Shetani, na husema kanuni yao ni kutomdhuru mtu.

Vifaa vyao vinajulikana. Athame ni kisu cha mpini mweusi. Kwa kawaida hakikati kitu, hutumiwa kuchora duara la ibada. Boline ni kisu cha mpini mweupe, mara nyingi kimepinda kama mundu. Ndicho cha kukatia majani, kamba na mishumaa. Kuna pia fimbo, kikombe, chetezo, na sahani yenye nyota ya pembe tano.

Mkristo hawezi kuiunganisha ibada hiyo na imani yake, kwa sababu maombi yake yanaelekezwa kwa miungu mingine. Hata hivyo tuseme kweli: dini hiyo siyo ule ulozi unaoogopwa vijijini kwetu, yaani nia ya siri ya kumwua jirani.

Vifaa vya mfumu

Katika Kivu, mfumu hujulikana kwa kibuyu, pembe ya mnyama, hirizi, chungu cha majani na wembe wa kuchanja. Vitu hivyo ni vya kawaida. Mama huteka maji kwa kibuyu na kinyozi hutumia wembe. Kinachovigeuza ni ahadi inayofungwa ndani yake: kujua nani alileta ugonjwa, au kupata kinga ambayo hakuna mtu anayeweza kuitoa.

Ahadi ya namna hiyo imeua wengi. Katika vita vya Maji Maji (1905-1907), huko Tanzania ya leo, Kinjikitile Ngwale aliwapa watu maji yaliyosemwa kuwa yatageuza risasi za Wadachi kuwa maji. Waasi wa Simba mwaka 1964 walitegemea dawa kama hiyo katika Kongo yetu, na wapiganaji wa Mai-Mai wameirithi. Mzazi ambaye mtoto wake ameitwa kwenda kunyunyiziwa majani ili apigane anapaswa kuijua historia hiyo.

Tukiuliza kifaa gani ni cha kuogopwa zaidi, jibu ni wembe uliotumiwa kwa watu wengi. Unaweza kupitisha Ukimwi na homa ya ini, na kuleta pepopunda. Ugonjwa wa Ebola uliotangazwa Mangina mwezi wa nane 2018 ulifika Beni, Katwa na Butembo, na ulipokwisha Juni 2020 ulikuwa umewapata watu 3,470 na kuua 2,287. Wataalamu waliona kwamba baadhi ya wagonjwa waliambukizwa katika vituo vidogo vinavyochanganya dawa za kienyeji na za kisasa.

Majani yenyewe

Jani halina dini. Kwinini inatoka katika ganda la mti wa kinkina, unaolimwa katika milima ya Kivu. Artemisinini, inayotumiwa leo katika vidonge vya malaria, ilitolewa katika mmea wa artemisia na Tu Youyou wa China, aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 2015. Lakini Shirika la Afya Duniani halishauri kutibu malaria kwa chai ya artemisia, kwa kuwa kipimo chake hubadilika, na dawa pungufu huzoesha vimelea kuishinda.

Tena, anayechuma anapaswa kuutunza mti. Ganda la Prunus africana, linalonunuliwa kwa ugonjwa wa tezi ya wanaume, limevunwa sana katika jimbo letu. Biashara yake inasimamiwa na mapatano ya kimataifa ya CITES tangu mwaka 1995. Ukibandua ganda kuuzunguka mti wote, unakufa.

Neno la Mungu

Kumbukumbu la Torati 18:9-12 inakataza ramli, uchawi na kuuliza wafu. Biblia hiyohiyo, katika 2 Wafalme 20:7, inaeleza jinsi Isaya alivyoagiza tini ziwekwe juu ya jipu la mfalme Hezekia, naye akapona. Jani na maombi vilikaa pamoja bila ramli.

Hezekia huyohuyo alivunja nyoka wa shaba aliyetengenezwa na Musa (2 Wafalme 18:4). Kifaa hicho kilitoka kwa agizo la Mungu, lakini watu walikuwa wameanza kukifukizia uvumba. Hapa nasi tujichunguze. Chupa ya mafuta ya maombi, kitambaa kilichobarikiwa, au Biblia iliyowekwa chini ya mto ili ifukuze ndoto, vinaweza kuwa hirizi mikononi mwa mshirika wa kanisa.

Kabla ya kunyoosha kidole

Historia ya Waprotestanti nayo inatuonya. Katika Ulaya, kati ya karne ya 15 na ya 18, watu wanaokadiriwa kuwa 40,000 hadi 60,000 waliuawa kwa mashitaka ya uchawi, katika nchi za Kikatoliki na za Kiprotestanti pia. Huko Salem, Marekani, mwaka 1692, Wakristo waliosoma Biblia kila siku waliwanyonga watu 19.

Kwa hiyo wazee wa kanisa, mashemasi na viongozi wa wamama washike mambo haya:

- Mgonjwa kwanza. Mtu akikohoa majuma mawili na kukonda, msiseme ni karuho. Apelekwe apimwe kifua kikuu. Dawa zake hutolewa bure katika nchi yetu na matibabu ya kawaida huchukua miezi sita.
- Mama anayechuma majani aulizwe kwa heshima: ni jani gani, la ugonjwa gani, kwa kipimo gani. Mganga wa hospitali aambiwe mgonjwa amekunywa nini.
- Anayetaja jina la aliyeroga asipewe nafasi ya kusema mbele ya kanisa, hata akidai ni unabii.
- Mtoto asishitakiwe ulozi kamwe. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza jambo hilo.
- Mtu akitishwa kwa shitaka hilo, mchungaji amwendee siku hiyohiyo na kuonekana amekaa naye.

Wakati wa vita na ukimbizi, hofu hutafuta mtu wa kubebesha lawama, na mara nyingi humchagua mjane asiye na mtetezi. Kanisa liwe mtetezi wake.