Insha katika Shule za Msingi za Shinyanga na Geita

Katika mwaka 1897 jarida moja la lugha lililokuwa likipigwa chapa Berlin lilitoa hadithi, nyimbo na methali za Wasumbwa, zilizokusanywa na Padri A. Capus wa shirika la Mapadri Weupe. Mwaka uliofuata ikatoka katika jarida lilo hilo sarufi ya Kisumbwa ya padri huyo. Mapadri hao walikuwa wamefungua misheni yao Ushirombo mwaka 1891, katika nchi ambayo leo ni wilaya ya Bukombe, mkoa wa Geita. Hivyo hadithi za nchi hii zilipata kuandikwa mapema, zikasomwa na wataalamu wa Ulaya. Walakini miaka mingi ilipita kabla mtoto wa Kisumbwa au wa Kisukuma hajaketi darasani akaambiwa aiandike hadithi ya kwao kwa mkono wake mwenyewe, na alipoambiwa, aliambiwa aiandike kwa lugha nyingine.

Madhumuni ya makala haya ni kueleza jinsi somo la insha lilivyofundishwa katika shule za msingi za Shinyanga na za ukanda wa dhahabu wa Geita, na kwa nini mpaka leo halijastawi kama ilivyotazamiwa. Insha hapa ni ile kazi ya mtoto kutunga habari au kisa kwa maneno yake. Kunakili ubaoni si insha, wala imla si insha, ingawa mara nyingi mambo hayo matatu yamewekwa katika kapu moja.

Yafaa kwanza kuitazama hali ya lugha. Katika sehemu kubwa ya Shinyanga lugha ya nyumbani ni Kisukuma. Upande wa Kahama kuna Kinyamwezi na Kisumbwa pia. Geita kwa asili ni nchi ya Wazinza, lakini Wasukuma walizidi kuhamia huko, hasa baada ya serikali ya Kiingereza kuanzisha mpango wake wa maendeleo ya Usukuma mwaka 1947, ambao ulikusudia kupunguza watu na mifugo katika nchi ya kale iliyokuwa imechoka. Katika nchi zote hizo Kiswahili kilikuwa lugha ya safari, ya soko, ya baraza la serikali na ya shule. Mtoto wa kijijini alikutana nacho siku ile alipoingia darasa la kwanza, na wengi hukutana nacho hivyo hata sasa.

Idara ya Elimu ya Tanganyika ilianza kutoa gazeti la Mambo Leo mwezi Januari 1923, na walimu wa bara walikuwa miongoni mwa waliolipelekea barua, mashairi na habari za miji yao. Tarehe 1 Januari 1930 Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki ikaanza kazi yake ya kusanifisha Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja. Kamati hiyo ndiyo iliyokuja kuwa Chuo cha Uchunguzi wa Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1964. Pamoja na kazi ya kamusi, ilipewa kazi ya kuvipitia vitabu vya shule na kuidhinisha lugha yake. Hapana shaka kazi hiyo ilikuwa na faida kubwa: pasipo tahajia moja na msamiati mmoja, kitabu kilichopigwa chapa kwa ajili ya Tanga kisingaliweza kutumika Shinyanga. Lakini ilileta pia desturi ambayo wataalamu wa lugha hawajapenda kuizungumza sana, nayo ni desturi ya kulipima kila andiko kwanza kwa usanifu wake, na baadaye, kama nafasi ingaliko, kwa maana yake. Desturi hiyo ilishuka kutoka kwa msahihishaji wa miswada mpaka kwa mwalimu wa darasa la nne, na wino mwekundu ukawa ndio mwisho wa insha.

Mtu akitaka kuona jinsi desturi hiyo ilivyomwathiri mtoto wa Usukuma, na atazame makosa yenyewe yaliyokuwa yakipigwa mstari. Kisukuma hakina sauti ya r, kwa hiyo mtoto huandika *balua*, *lafiki* na *kalibu*. Hakina dh wala th za Kiarabu, na dhahabu, kitu kilichomo chini ya miguu yake, huwa *zahabu*. Kina viambishi vya udogo ka- na tu-, basi mtoto akitaka kumtaja mtoto mdogo kwa mapenzi huandika *katoto*, na mwalimu hukata na kuandika *kitoto*, ijapokuwa neno hilo la pili halina utamu ule ule. Hakuna hata moja katika hayo linaloonyesha upungufu wa akili au wa ubunifu. Ni athari za lugha mama, zenye kanuni, na mwanafunzi wa isimu wa mwaka wa kwanza aweza kuzitabiri kabla hajaliona daftari. Hata hivyo ndizo zilizohesabiwa alama. Mtoto aliyeandika mistari mitano mikavu juu ya faida za ng'ombe, bila kosa, alimshinda mwenzake aliyeandika kurasa mbili za kisa cha fisi chenye r na l zilizochanganyika. Watoto si wajinga; upesi waling'amua kwamba usalama umo katika kuandika machache.

Mfano mmoja kutoka jirani waonyesha gharama ya jambo hili kwa watu wazima. Kisiwani Ukerewe, kaskazini ya Mwanza, Aniceti Kitereza, aliyesoma seminari ya Rubya, alimaliza mwaka 1945 kutunga kwa Kikerewe kisa kirefu cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Alikitunga kwa lugha ya kwao kwa sababu mambo yaliyomo ni ya kwao. Hakikupata mchapishaji. Ilimbidi akifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na ndipo kikatolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1980, miaka 35 baada ya kukamilika. Mwaka uliofuata mwandishi akafariki. Ikiwa mtu mwenye elimu na saburi kama hiyo alingoja miaka 35, si ajabu mtoto wa miaka 10 kukata tamaa kabla kengele haijalia.

Kwa upande wa vielelezo, walimu hawakukosa kabisa. Shaaban Robert alitoa Kielezo cha Insha mwaka 1954, kitabu kidogo chenye adabu na ufasaha. Lakini ufasaha wake ni wa pwani, na mwalimu wa Geita aliyekitumia alilazimika kuwafundisha watoto kwanza kuustaajabia, kisha kuuiga. Kutunga kulikuja mwisho. Waandishi wa bara walichelewa kudai nafasi yao. Mwaka 1973 M. M. Mulokozi na K. K. Kahigi walitoa Mashairi ya Kisasa, ambamo waliacha sharti la vina na mizani, na mwaka 1976 wakatoa diwani waliyoiita Malenga wa Bara. Jina hilo lenyewe ni hoja. Kahigi, mwanaisimu, alikuja kuwa mbunge wa Bukombe kuanzia mwaka 2010 mpaka 2015, katika nchi ile ile ambayo hadithi zake Padri Capus alizipeleka Berlin.

Ni hadithi gani hasa ambazo shule ilikuwa nazo mlangoni bila kuziita ndani? Yatosha kutaja moja. Kila mtoto wa Kisukuma aliyekaa motoni na bibi yake amesikia habari za Masala Kulangwa. Masimulizi hutofautiana, lakini kiini chake ni hiki. Zimwi Shing'weng'we limemeza watu wote wa dunia pamoja na mifugo yao. Amebaki mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha katika makapi ya nafaka. Anazaa mwana, mwana anakua, naye anamwuliza mama yake watu wengine wako wapi. Akiisha kuambiwa anatoka kwenda kulitafuta zimwi. Anarudi na panzi: mama, ndiye huyu? Siye. Anarudi na ndege: siye. Anarudi na mnyama aliye mkubwa zaidi: siye. Mwisho analikuta zimwi lenyewe, analiua, anapasua tumbo lake, na watu wote wanatoka. Katika kupasua, kisu kinakata sikio la kikongwe mmoja, naye, badala ya kushukuru, anakasirika na kutaka kumdhuru mkombozi wake. Jina la kijana lina maana yake: masala ni akili, na kulangwa ni kufundishwa.

Kwa mwalimu wa insha hadithi hii ni hazina, na sababu yake iko katika ujenzi wake. Sehemu ya panzi, ndege na mnyama ni ngazi isiyo na idadi maalumu ya vipandio. Mtoto aweza kuongeza kipandio chake: kenge, kiboko, gari la mgodi. Jibu la mama halibadiliki, kwa hiyo mtoto asiyejua Kiswahili kingi anapata sentensi moja ya uhakika ya kurudia, na nguvu yake yote inabaki kwa ile mpya anayoitunga. Kisha kuna kikongwe mwenye sikio lililokatwa, ambaye anavunja mwisho mwema na kumlazimisha mtoto kuamua: alikuwa na haki, au hakuwa nayo? Hapo insha inaacha kuwa usimulizi wa kukariri. Vivyo hivyo kwa vitendawili: msemaji huanza *kalagu*, na wasikilizaji hujibu *kize*, kama vile mpwani asemavyo kitendawili na kujibiwa tega. Mtoto aliyezoea mchezo huo amekwisha jifunza kutaja kitu bila kukitaja, nayo ni nusu ya kazi ya mtunzi.

Mwaka 1967 ungaliweza kuwa mwanzo mpya. Maandishi ya Elimu ya Kujitegemea yalitaka elimu ya msingi iwe kamili kwa nafsi yake, isiwe matayarisho tu ya mtihani wa kwenda sekondari, na mwaka huo huo Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia katika madarasa yote ya msingi. Lakini mwezi Novemba 1974 azimio la Musoma lilitaka watoto wote wa umri wa shule wawe wameingia darasani kufikia mwaka 1977, na walimu wengi wakapatikana kwa kuwafundisha vijijini vijana waliomaliza darasa la saba. Lilikuwa jambo la haki na la heshima. Kwa insha, hata hivyo, lilikuwa na hesabu yake. Darasa la watoto 100, mwalimu akitumia dakika 5 tu kwa daftari moja, lataka dakika 500 za kusahihisha, yaani saa 8 na zaidi kwa insha moja. Hesabu hiyo haikubadilika ada zilipofutwa tena mwaka 2001, wala elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016. Ilizidi kuwa nzito.

Katika Geita na Kahama dhahabu imeongeza shida ya namna yake. Mgodi wa kale wa Geita, ulioanza katika miaka ya 1930, ulifungwa mwaka 1966. Mkubwa wa sasa ulifunguliwa mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu mwaka 2001. Lakini kwa shule za msingi wenye athari zaidi ni wachimbaji wadogo. Panapovuma habari ya dhahabu mpya, watu hukimbilia huko, na watoto huhama nao katikati ya muhula. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa juu ya watoto wanaofanya kazi katika machimbo ya Geita, Shinyanga na Mbeya, wakiingia mashimoni na kushika zebaki kwa mikono mitupu. Watoto hao wana msamiati ambao hakuna kitabu cha darasa kinachoufundisha. Kwao *duara* si umbo la mviringo bali shimo la kuchimbia. *Matimba* ni magogo ya kuegemeza kuta zake. *Karasha* ni mashine ya kusaga mawe. *Mwalo* ni mahali pa kuoshea. *Marudio* ni mchanga uliokwisha oshwa mara moja, wenye kubakiza dhahabu kidogo. *Rashi* ni yale makimbilio yenyewe. Maneno haya yameundwa kwa kanuni zote za Kiswahili, na mtoto ayatumiaye hakosei. Mwalimu anayeyakata katika insha anamnyang'anya mtoto kitu pekee ambacho mtoto anakijua kuliko mwalimu.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 iliweka Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia shule za msingi, na Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 ikasema kwamba lugha za jamii zitumiwe kuwa hazina ya kukikuza Kiswahili. Sera hizi mbili hazigombani, ila ya pili haijapata kufika darasani. Tangu mwaka 1991 Mradi wa Vitabu vya Watoto umesaidia kutolewa kwa vitabu vingi vya hadithi kwa Kiswahili, na mpango wa EQUIP-Tanzania, ulioanza mwaka 2014 kwa fedha za Uingereza na kuuhusisha mkoa wa Shinyanga, uliwapa watoto wasiojua Kiswahili mafunzo ya hadithi na michezo kabla ya darasa la kwanza. Hizo ni juhudi njema, lakini zote zamwelekeza mtoto zaidi kusikiliza na kusoma. Katika mwaka 2012 majibu ya mtihani wa darasa la saba yalianza kusahihishwa kwa mashine. Mashine husoma kivuli cha penseli katika kiduara kidogo, na mtoto aliyeandaliwa kwa mtihani wa namna hiyo aweza kumaliza miaka saba bila kudaiwa aya moja iliyo yake.

Walimu wengine wamepata njia ndogo za kuikwepa ile hesabu ya dakika 500. Darasa zima hutunga kisa kimoja kwa mdomo, Kisukuma na Kiswahili vikichanganyika, mwalimu akikiandika ubaoni kwa Kiswahili sanifu mbele ya macho yao; kisha kila mmoja huandika mwisho wake mwenyewe, sentensi mbili au tatu. Daftari hizo husomwa kwa muda mfupi. R na l husahihishwa siku nyingine, katika kipindi cha imla.