Uvishaji pete ndege

Uvishaji pete ndege ni njia ya kuwatambua ndege wa porini mmoja mmoja kwa kuwafunga mguuni pete ndogo ya metali yenye namba isiyorudiwa na anwani ya taasisi iliyoitoa. Ndege huachiliwa baada ya kupimwa. Akinaswa tena, au akiokotwa amekufa, namba hiyo huonyesha alikotoka na muda aliokwisha kuishi tangu alipovishwa. Wakati wa kuzaana, kazi hii mara nyingi huenda pamoja na ufuatiliaji wa viota.

Historia

Mwalimu Hans Christian Cornelius Mortensen wa Viborg, Denmark, alianza kuwavisha kwenzi pete za alumini zenye namba na anwani mwaka 1899. Uingereza ilifuata mwaka 1909. Mbayuwayu aliyevishwa pete huko mwezi Mei 1911 alipatikana Natal, Afrika Kusini, mwezi Desemba 1912, na hapo watu wakapata ushahidi wa mahali ndege hao wanapokwenda wakati wa baridi ya Ulaya.

Katika Afrika ya Mashariki kituo mashuhuri zaidi ni Ngulia, katika Hifadhi ya Tsavo Magharibi nchini Kenya, ambako kazi ilianza mwaka 1969. Usiku wa ukungu usio na mbalamwezi, mwezi wa Novemba na Desemba, taa za hoteli huwavutia maelfu ya ndege wanaosafiri kutoka Ulaya na Asia. Nchini Tanzania, utafiti wa muda mrefu umefanywa katika misitu ya Milima ya Usambara tangu miaka ya 1980. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2021, kutokana na miaka 30 ya kunasa na kunasa tena, yalihusisha ongezeko la joto na kupungua kwa uwezo wa ndege kadhaa wa msituni kuendelea kuishi. Jambo kama hilo haliwezi kujulikana kwa kuhesabu ndege kwa macho tu.

Majira ya kuzaana

Vitabu vya Ulaya husema ndege huzaana majira ya kuchipua, kuanzia Machi au Aprili. Maelezo hayo hayafai Usukumani. Katika kata ya Segese, mkoani Shinyanga, kwenye ukanda wa dhahabu unaoelekea Geita, mvua ni za msimu mmoja, kwa kawaida kuanzia Oktoba au Novemba hadi Aprili au Mei. Ndege wengi hufuata mvua hizo, kwa kuwa ndipo wadudu, mbegu changa na majani ya kufumia viota hupatikana. Hata hivyo tetere na shomoro wa mijini huweza kutaga karibu wakati wowote.

Miezi hiyohiyo wageni kutoka Ulaya huwapo, lakini hawatagi huku. Mvishaji pete huwatofautisha kwa kupuliza manyoya ya tumboni. Ndege anayeatamia huwa na sehemu ya ngozi tupu, yenye joto na mishipa ya damu iliyojaa, mgeni hana.

Kwera ndio rahisi kufuatilia karibu na nyumba. Dume hufuma kiota, hujining'iniza chini yake akipigapiga mabawa, na jike asipokikubali, mara nyingi hukibomoa na kuanza upya. Kwa sababu hiyo viota vingi mtini si dalili ya makinda mengi. Ili kujua ukweli hutazamwa ndani kwa kioo kidogo kilichofungwa kwenye fimbo, kwa haraka, bila kugusa mayai. Mti wenyewe nao huandikwa. Uchomaji mkaa na mahitaji ya mbao za migodini vimepunguza miti katika eneo hili, ingawa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), ulioanza mwaka 1986, ulirudisha mingi kwa njia ya ngitili.

Namna ya kufanya

Ndege hunaswa kwa nyavu nyembamba za nailoni, zinazokaguliwa kila dakika 20 hadi 30 na mapema zaidi jua likiwa kali. Hupimwa bawa na uzito, na manyoya huangaliwa ili kukadiria umri. Nyavu hufungwa mvua ikinyesha, kwani ndege aliyelowa hufa upesi kwa baridi. Nchini Tanzania kunasa ndege wa porini bila kibali ni kosa. Utafiti hupitia TAWIRI na COSTECH. Kuandika tarehe na hali ya kiota bila kumshika ndege hakuhitaji nyavu, na shule yaweza kufanya.

Kwelea

Kwa mkulima wa mpunga, ndege muhimu ni kwelea. Pete hazisaidii sana kwake, kwa kuwa makundi ni makubwa mno na pete chache hurudi. Katika Bonde la Ufa la Ethiopia, miaka ya 1980, watafiti waliwanyunyizia rangi kutoka kwenye eropleni, wakaona dalili kwamba kwelea huzaana mahali pamoja kisha huhama na kuzaana tena kwingine msimu uleule. Ndiyo maana kupulizia sumu kundi moja hakuhakikishi usalama wa majaruba ya jirani, na sumu hiyo huua pia vipanga wanaokula mizoga.

Anayeokota ndege mwenye pete

Huandikwa namba yote, anwani, tarehe na mahali, kisha taarifa hupelekwa kwa taasisi iliyotajwa kwenye pete. Ndege akiwa hai, pete haivuliwi.