Waswahili walifika Berlin kabla yetu

Wasee, siku hizi kila nikifungua simu ni video za watu wanafunzana vile mtu anaishi Ujerumani. Ati Jumapili maduka hufungwa. Ati chupa haitupwi, inarudishwa. Ati ukiambiwa saa nane, fika saa nane kasoro dakika tano. Yote ni kweli. Niliacha chuo Nairobi, sasa niko mwaka wa pili wa Ausbildung huku Leipzig, na hayo ndiyo maisha yangu ya kila siku. Lakini kuna sehemu ya hii story haisemwi, na inafaa isemwe sasa, kwa sababu tangu Kenya na Ujerumani zitie saini mkataba wa wafanyakazi Septemba 2024, kila mtaa una mtu anakariri der, die, das.

Kwanza, hizi desturi zina historia. Jumapili iko ndani ya katiba. Katiba ya Weimar ya 1919 ililinda siku hiyo kama siku ya mapumziko, na kipengele hicho kikabebwa hadi katiba ya 1949, inayotumika mpaka leo. Kwa hivyo jirani akikuambia uzime drili Jumapili, usidhani anakuchukia. Na zile senti 25 za chupa na mikebe zilianza 2003. Ukijua sababu, unazoea haraka.

Sasa tuje kwa watu wetu. Mwaka wa 1887 Berlin ilifunguliwa chuo cha lugha za mashariki, na Kiswahili kilikuwa somo moja wapo, maana Wajerumani walikuwa wanajipanga kutawala Tanganyika. Walihitaji walimu, wakawatoa pwani. Mmoja wao ni Mtoro bin Mwinyi Bakari kutoka Bagamoyo, aliyefika Berlin 1900. Maandishi yake ndiyo sehemu kubwa ya kitabu *Desturi za Wasuaheli*, kilichotolewa na Carl Velten 1903. Hebu fikiria: mtu anawaeleza Wajerumani desturi za kwao, huku yeye mwenyewe akijifunza zao kila asubuhi.

Mtoro alizoea. Alifundisha, akaoa mwanamke Mjerumani 1904. Mwaka uliofuata akataka kurudi nyumbani na mkewe, serikali ya kikoloni ikawazuia. Mwafrika na mke mzungu? Hapana. Wakarudishwa Ujerumani, na Mtoro akafia huko 1927. Hakuiona pwani tena.

Wa pili ni Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam, 1904. Alikuwa mtoto tu alipotumika katika jeshi la Wajerumani kwenye Vita vya Kwanza. 1929 akaenda Berlin kudai mshahara wake na wa babake. Akaambiwa amechelewa. Akabaki. Akawa weita, akasaidia kufundisha Kiswahili, akaigiza kwenye filamu, akaoa. Halafu 1941 Wanazi wakamkamata kwa sababu ya uhusiano na mwanamke mzungu. Akapelekwa kambi ya Sachsenhausen bila kesi, akafa humo Novemba 1944.

Hapa ndipo sikubaliani na zile video. Zinakuambia ukifuata desturi, utakubalika. Mtoro na Husen walijua Kijerumani kuniliko, walifanya kazi, walijenga familia. Walizoea kabisa. Kilichowaangusha ni kwamba sheria haikuwatambua kama watu wenye haki, na kuwahi miadi hakungeweza kubadilisha hilo.

Leo sheria ni nyingine. Kifungu cha 3 cha katiba yao kinakataza mtu kubaguliwa kwa sababu ya asili au lugha yake. Tangu 2006 kuna sheria nyingine inayokulinda kazini na unapotafuta nyumba. Kampuni zinaweza kuwa na Betriebsrat, baraza linalochaguliwa na wafanyakazi wenyewe, na sheria ya mabaraza hayo ilianza 1920. Sisemi ubaguzi umeisha, bana. Nasema wewe una kitu cha kushika ambacho Husen hakuwa nacho, lakini hakitakusaidia kama hukijui.

Kwa hivyo kama uko njiani kuja, jifunze kutenganisha taka na kunyamaza Jumapili, sawa. Halafu tenga muda kama huo huo usome mkataba wako wa kazi mstari kwa mstari, ujue notisi ni ya muda gani, na uulize kama kuna Betriebsrat kabla uhitaji msaada wake.

Na ukifika Berlin, pitia Brunnenstraße namba 193. Angalia chini, kwa lami. Kuna jiwe dogo la shaba lenye jina la Husen. Watu wengi hupita juu yake wakikimbilia treni. Wewe simama kidogo.