Boriti Zilizojenga Pwani

Ingia nyumba yoyote ya kale mjini Lamu uangalie dari. Utaona boriti zimelazwa zikikaribiana kutoka ukuta hadi ukuta, nyingine zingali na rangi nyekundu na nyeusi za zamani, na juu yake mawe ya matumbawe na chokaa. Ndiyo sababu vyumba vyetu ni virefu na vyembamba: upana wa chumba ni kadiri ya mti mmoja, na uzito ule wa mawe haukubali mti uzidi kiasi cha mita 3. Mimi ni fundi wa nyumba hizi, kazi niliyorithi kwa baba yangu, na nasema bila kusita kwamba mji huu ulipimwa na msitu wa mikoko.

Biashara ya miti hiyo ni kongwe kuliko nyumba zetu zote. Katika karne ya 10, mwanajiografia al-Istakhri aliandika kwamba nyumba za Siraf, bandari ya Uajemi, zilijengwa kwa msaji na miti iliyotoka nchi ya Zanj, yaani pwani yetu. Nchi za Ghuba zilikuwa na uhaba mkubwa wa miti ya kujengea. Basi majahazi yalishuka na kaskazi yakileta tende, chumvi na mazulia, na kusi ilipoanza kuvuma yakarejea yamesheheni boriti, zikihesabiwa kwa korija, miti 20 kila korija. Mwaka 1939 Alan Villiers, baharia na mwandishi kutoka Australia, alikuwa ndani ya jahazi la Kuwait, la nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi, lilipokwenda kupakia boriti katika delta ya Rufiji.

Kukata kuna elimu yake. Mtumbwi huingia mkono wa bahari maji yakiwa yamejaa. Yakipwa, mkataji hushuka na shoka, tope likimfika magotini. Anajua kwamba, kati ya aina za mikoko, mkandaa hutoa fito na mapau, na kwamba mkoko wenyewe na muia hutoa boriti na nguzo. Mchu aghalabu hupinda, kwa hiyo huachiwa mataruma ya vyombo na kuni. Anajua pia jambo kubwa kuliko hayo: mchu ukikatwa huchipua, lakini shina la mkoko likikatwa limekufa. Mbegu ya mkoko huota ingali juu ya mti, ikawa mche mrefu wa kijani, kisha ikadondoka na kujichoma topeni. Ukimaliza miti mizazi, hakuna kitakachodondoka. Baba alinifundisha kupita mti mnene wenye miche hata kama umenyooka vizuri.

Mtafuta boriti huchagua. Tanuri halichagui. Katika miaka ya 1970, huko Gazi, kusini mwa Mombasa, mikoko ilikatwa kwa wingi iwe kuni za kuchomea chokaa na matofali. Sehemu zilizofyekwa zilibaki uwanda mtupu miaka mingi, mchanga ukifunika tope, na kaa, kamba na samaki wachanga wakikosa makazi.

Mwaka 1982 serikali ya Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti nje ya nchi. Majahazi yakapoteza shehena, na Ghuba yenyewe ilikuwa imeshahamia saruji na chuma. Lakini shoka halikulala: soko la ndani liliendelea. Marufuku ilifunga bandari. Haikupanda mche hata mmoja.

Waliopanda ni watu wa Gazi. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 walishirikiana na watafiti kurudisha mikoko palipofyekwa, na mwaka 2013 mradi wao wa Mikoko Pamoja ukaanza kuuza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na hekta 117 za msitu. Fedha zake zimeleta maji na kusaidia shule. Hapo msitu una thamani ukiwa umesimama, na walinzi wake ni walewale wanaoishi kando yake.

Sisi wa Lamu tuna zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na tuna wakataji wazee wanaojua mti gani ukatwe na upi uachwe. Kila mpango wa msitu huu, uwe wa bandari, wa ujenzi au wa hifadhi, uanze kwa kuwaketisha wazee hao mezani kabla ya ramani kuchorwa. Na wewe unayejenga kwa boriti, muulize muuzaji zilikatwa wapi, na kama palipokatwa pamepandwa. Asipokuwa na jibu, usinunue.